Huyu mtu, nani anamjua? Namna simu inavyohesabu uaminifu, na fasi inapokosea



Ujumbe wa namna hii tumeshaupokea wote, kwa sura moja ao nyingine: "Barabara ya Bunia imefungwa, musipite leo. Tuma kwa wote." Hauna jina, hauna saa, hauna kijiji. Unaingia ku grupu ya kanisa, nyuma ya dakika kumi unaukuta ku grupu ya familia, kisha ku grupu yetu ya wahitimu. Dereva aliyepakia maharagwe hapa Mahagi, mama mwenye mgonjwa wa kufikisha Bunia, mwanafunzi mwenye mtihani kesho asubuhi, wote wanasoma maneno yale yale na kila mmoja anapaswa kuamua. Ujumbe ukiwa wa kweli na ukapita, unaweza kubaki njiani. Ukiwa wa bongo na usipite, mgonjwa anaweza kukufia mikononi. RN27 si fasi ya kufanyia majaribio.

Angalieni swali la kwanza tunalouliza, hata mbele ya kuuliza kama habari ni kweli. Tunauliza: nani amesema? Na kama hatumjui aliyesema: nani anamjua? Mtu akijibu, "Huyo ni shemeji wa mwalimu wetu wa zamani, anakaa kule," mioyo inatulia kidogo. Akijibu, "Sijui, nimeipokea tu," tunabaki na shaka. Watu wa kompyuta wamechukua swali hilo hilo na kuligeuza kuwa hesabu. Hesabu hiyo ninataka kuieleza leo, juu ina faida kubwa, na pia juu ina upofu mmoja ambao kwetu sisi watu wa Ituri unaweza kuleta hatari kuliko kwingine.

Kwanza, kwa nini hesabu, wakati Facebook na TikTok wana watu wao wa kuondoa uchafu? Mlinzi wa namna hiyo ni mmoja kwa dunia nzima, anakaa mbali, na ni vigumu kuamini kwamba anasikia Dho Alur ao Kiswahili cha Bunia vizuri. Na fasi penye mlango mmoja, mtu mmoja anaweza kuufunga. Tunakumbuka tarehe 31 Desemba 2018, siku moja nyuma ya uchaguzi: intaneti ilikatwa inchi nzima, na ilikaa karibu majuma matatu. Januari 2021 ikawa zamu ya majirani. Uganda ilifunga Facebook, kisha intaneti yote kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi, na mtu wa huku kwetu aliyekuwa anatumia laini ya ng'ambo ya Goli alizimiwa naye, hata kama hakuwa na kura ya kupiga kule.

Njo maana kuna watu waliojenga mitandao isiyo na mwenyewe mmoja. Mastodon ilianza mwaka 2016: kuko seva mingi, kila moja na kiongozi wake, na zinaongea pamoja. Nostr ilianza mwaka 2020 na imekwenda mbali zaidi. Huko huombi akaunti kwa mtu yeyote. Simu yako inatengeneza funguo mbili, moja ya siri na moja ya kuonyesha watu. Kila unachoandika kinatiwa sahihi kwa ufunguo wa siri, na kila mtu anaweza kuhakikisha kwa ufunguo wa wazi kwamba ni wewe uliyeandika. Maneno yako yanapita katika vituo vingi, vya watu mbalimbali. Kituo kimoja kikikukataa, unapitia kingine. Tusidanganyane: intaneti yenyewe ikikatwa, Nostr nayo inakaa kimya. Lakini hakuna ofisi moja ambayo mkubwa anaweza kuipigia simu na kusema, "Mfungeni huyu."

Sasa, nyumba isiyo na mlinzi wa mlango kila mtu anaingia. Funguo ni za bure. Mtu mmoja akikaa na kompyuta yake anaweza kutengeneza akaunti elfu kumi wakati maji ya ugali hayajachemka bado. Zote zitasifu kitu kimoja, ao kumtukana mtu mmoja, ao kusema barabara imefungwa. Ukihesabu kura, muongo anashinda. Mwaka 2002 mtaalamu mmoja wa Microsoft, John Douceur, aliandika juu ya ugonjwa huu kwa jina la Sybil, kutoka kitabu kilichoeleza habari ya mwanamke mwenye nafsi nyingi ndani ya mwili mmoja. Alionyesha kwamba fasi pasipo na ofisi moja ya kutoa vitambulisho, karibu haiwezekani kuzuia mtu mmoja kujifanya watu mia. Sisi tunaoishi inchi ambayo kwa miaka mingi kadi ya uchaguzi njo ilikuwa kitambulisho, na ambako mtu anatembea na laini tatu mfukoni, hatuna haja ya profesa kutuambia hivyo. Lakini ni vizuri kujua kwamba imethibitishwa.

Dawa iliyopendekezwa ni ya zamani kuliko Nostr. Mwaka 1991 Mmarekani Phil Zimmermann alitoa programu ya kuficha barua za kompyuta, PGP. Shida yake ilikuwa hii: nimepata ufunguo unaosema ni wa fulani, lakini nitajuaje ni wake kweli? Hakutaka serikali ao kampuni iwe shahidi wa wote. Alisema: acha watu washuhudiane. Mimi nimekutana na wewe uso kwa uso, ninatia sahihi ufunguo wako. Rafiki yangu ananiamini mimi, basi anaweza kukuamini wewe hata kama hajakuona. Sahihi zikiwa nyingi, zinaungana kama utando wa buibui. Njo tuuite utando wa kuaminiana.

Programu iliyokuja nyuma yake, GnuPG, iliweka hata namba. Kwa kawaida yake inakubali ufunguo wa mgeni kama mtu mmoja unayemwamini kabisa ameushuhudia, ao kama watu watatu unaowaamini nusu nusu wameushuhudia. Na mlolongo usipite hatua tano. Nilipozisoma namba hizo nilicheka, juu wazee wetu wanafanya hivyo wanapochunguza familia ya binti mbele ya kupeleka mahari. Mjomba akisema, "Ile nyumba ninaijua, nimekula kwao," inatosha. Kama hakuna mjomba, wanatafuta majirani wawili, watatu, wasiojuana, na kuona kama maneno yanafanana. Na habari iliyopita midomo sita hakuna mzee anayetolea ng'ombe.

Kwenye mitandao ya leo sahihi za namna ile ni kazi nzito, kwa hiyo programu zinatumia kitu kilichopo tayari: nani anamfuata nani. Ukimfuata mtu, inahesabiwa kama ushuhuda mdogo. Ukimzima mtu ili usimsikie tena, ni ushuhuda wa kinyume. Programu nyepesi inafanya hesabu ya mtoto wa shule ya msingi: kati ya watu ninaowafuata mimi, wangapi wanamfuata huyu mgeni? Toa wangapi wamemzima. Wakiwa kumi na wawili wanamfuata na wawili wamemzima, alama yake kwangu ni kumi. Programu ya Coracle, mmoja wa milango ya kuingilia Nostr, imefanya karibu hivyo. Kisha unachagua mwenyewe: nionyeshe wenye alama kuanzia tatu, wengine wabaki nje.

Hesabu nzito zaidi inaenda kama maji. Fikirini chanzo kule juu mlimani, na chanzo hicho ni wewe. Unamwaga lita 100. Unafuata watu watano, kila mmoja anapata lita 20. Kila mmoja anakunywa sehemu yake, tuseme asilimia 15, yaani lita 3, na zile 17 zilizobaki anazipitisha kwa watu anaowafuata yeye. Kama anafuata kumi, kila mmoja anapokea lita 1.7, anakunywa robo ya lita hivi, na kupitisha iliyobaki. Alama ya mtu ni maji aliyokunywa. Rafiki yako ana 3. Rafiki wa rafiki ana robo. Lakini kama mgeni anafuatwa na marafiki zako wanne kwa mara moja, mabomba manne yanamwagia, naye anafika karibu lita nzima. Ku hatua ya nne ao ya tano yanabaki matone tu.

Sasa leta yule muongo na akaunti zake elfu moja. Zinafuatana zenyewe kwa zenyewe, kila moja ina wafuasi mia tisa na tisini na tisa. Kwa macho ni watu wakubwa. Lakini kwenye hesabu ya maji, kama hakuna hata mmoja wa upande wako anayezifuata, zinapata sifuri. Mabomba elfu yaliyounganishwa vizuri sana, bila chanzo. Tuseme rafiki yako mmoja kati ya wale watano amedanganyika na kufuata mmoja wao. Bomba moja limefunguka, lita 1.7 zimeingia, na akaunti zote elfu zitagawana hizo hizo. Haziwezi kujiongezea maji kwa kuzungushana. Muongo akitaka maji zaidi, ni lazima adanganye watu wa kweli zaidi, mmoja mmoja, na hiyo ni kazi ya jasho.

Hapa njo kuna uzuri wote wa kitu hiki. Ninapenda pia kwamba hakuna alama ya dunia nzima. Mtu huyu ana 3 kwangu na sifuri kwako, na hakuna aliyekosea, juu kila mtu ni chanzo chake mwenyewe.

Linganisheni na WhatsApp, fasi ambapo bado tunaishi. WhatsApp haiwezi kusoma ndani ya ujumbe wetu, kwa hiyo inahesabu hatua tu. Tangu 2019 hauwezi kusambaza ujumbe kwa mazungumzo zaidi ya matano kwa mara moja, na tangu Aprili 2020 ule uliosambazwa sana unakwenda kwa mazungumzo mamoja tu. Imesaidia kupunguza mwendo. Lakini ukisambaza, jina la aliyeandika kwanza linapotea. Unaniletea maneno kwa sura yako, mimi ninaamini juu ni wewe, kumbe wewe mwenyewe haumjui aliyeanza. Kwenye mtandao wenye sahihi, jina la aliyeandika linabaki limeshikana na maneno hata yapite mikono mia. Ninaweza kuuliza alama ya aliyesema, siyo alama ya aliyenibebea tu. Kwangu mimi hii peke yake inashinda mambo mengine yote niliyoeleza.

Kuko hata mtandao ambao utando wenyewe njo ulikuwa barabara. Scuttlebutt ilitengenezwa karibu mwaka 2014 na Dominic Tarr, mtu wa New Zealand aliyekuwa anakaa ndani ya mashua, mbali na rezo. Simu mbili zikikutana ku wifi moja, hata bila intaneti, zinabadilishana maneno. Na simu yako haibebi maneno ya dunia, inabeba ya marafiki na ya marafiki wa marafiki, hatua mbili ao tatu, basi. Mtu asiyejulikana na yeyote wa kwenu, maneno yake hayafiki kabisa. Ninafikiria wachuuzi wa samaki wanaopanda kutoka Mahagi-Port: tayari wanabeba habari namna hiyo, kwa mdomo.

Sasa tuje ku upande wa giza. Alama inajibu swali moja: huyu anajulikana kwa watu ninaowajua? Haijibu swali la pili, kama anachosema ni kweli. Ebola ilitufundisha tofauti hiyo kwa bei kali. Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ulidumu mpaka 25 Juni 2020, huko Kivu ya Kaskazini na hapa Ituri, na watu zaidi ya 2,200 walikufa. Mnamo Septemba 2018 watafiti waliuliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Karibu mmoja kati ya wanne alisema Ebola haiko, ni uongo. Na karibu theluthi moja tu walisema wanaamini kwamba viongozi wa pale wanatetea masilahi yao. Mazungumzo yale hayakuwa kazi ya akaunti za bongo. Yalipita kwa mjomba, kwa jirani, kwa mwimbaji wa kwaya, watu wenye lita zao tatu kamili. Chujio la mgeni lingewaacha wote wapite. Tena daktari aliyetumwa kutoka mbali njo angebaki nje ya mlango.

Na uaminifu wenyewe si kitu kimoja. Katekista ninamwamini kwa sala, na feza ya kikundi chetu cha akiba ninaweza kumwachia. Habari ya barabara ninaitaka kwa dereva wa lori, hata kama maisha yake mengine sitaki kuyajua. Hesabu ya maji haijui hayo. Inachanganya yote katika ndoo moja.

Lakini upofu mkubwa, ule niliosema mwanzo, ni mwingine. Mwaka 2006 watafiti walitoa njia moja maarufu ya kugundua akaunti za Sybil, waliyoiita SybilGuard, na nyingine nyingi zikafuata. Msingi wao ni huu: watu wa kweli wameunganika sana, na kundi la waongo limeunganika nao kwa nyuzi chache. Tafuta fasi nyuzi zinapokuwa chache, kata pale, walioko ng'ambo ni waongo. Mwaka 2010 Bimal Viswanath na wenzake wakachukua njia hizo na kuzichunguza kwa ndani. Waliona kwamba zote, chini ya nguo zao mbalimbali, zinafanya kazi moja: zinatafuta jamii ya watu wanaofahamiana karibu na wewe, na kuwapanga wengine mbali. Kama watu wa kweli wenyewe wamegawanyika katika jamii mbili zenye nyuzi chache kati yao, hesabu inashindwa. Kwa macho yake, shamba la akaunti za bongo na kijiji cha watu halisi ambao haujuani nao vinafanana.

Someni tena mukikumbuka jimbo letu. Katika teritwari ya Mahagi peke yake kuna sheferi nane, kutoka Mokambo na Djukoth mpaka Walendu-Watsi, na chini yetu kuna Djugu ambayo hatuna haja ya kuisimulia. Vita vimekata nyuzi. Watu waliooleana hawatembeleani tena, shule zilizochanganya watoto zilivunjika, makambi yamejaa. Tukiweka chujio la utando juu ya jamii iliyokatwa namna hiyo, kila upande utaona maneno ya upande wake yana lita nyingi, na mwenye kulia ng'ambo anapata matone. Hakuna mtu aliyeamua kumnyamazisha. Ni hesabu tu. Mama anaandika kwamba kijiji chake kinaungua, ana ushahidi, ana picha, na simu yangu inamweka pamoja na matangazo ya dawa za uongo, juu hakuna rafiki yangu anayemfuata.

Hatari hii inanitisha kuliko akaunti elfu za yule muongo. Yule anaweza kukamatwa kwa hesabu. Huyu mama hesabu ndiyo inamtupa.

Kuna waliokwisha kupigana na jambo hili karibu na sisi. Ushahidi, iliyozaliwa Kenya nyuma ya uchaguzi wa Desemba 2007, ilikusanya habari za fujo kwa SMS na kuziweka kwenye ramani. Mwisho wa 2008 waliifungua pia kwa vita vya huku mashariki ya Kongo. Kupokea habari ni kazi rahisi. Kujua ya kuamini njo kazi, na nyuma wakatengeneza programu nyingine, SwiftRiver, ya kuchuja mto wa habari kwa kuangalia sifa ya kila chanzo.

Mimi lakini ninapenda zaidi mfano wa Tana, kule pwani ya Kenya. Mwaka 2012 mpaka mwanzo wa 2013 Waorma, wafugaji, na Wapokomo, wakulima, waliuana, watu zaidi ya mia moja, na uvumi ulichochea moto. Nyuma yake shirika la Sentinel Project lilianzisha huduma kwa jina zuri sana, Una Hakika. Ukisikia neno, unalituma kwa simu. Wao hawaamui wakiwa ofisini. Wanauliza mabalozi wao waliochaguliwa vijijini, wa pande zote mbili, na jibu linarudi kwa watu. Wapokomo wangapi wamesema si hoja. Hoja ni kama mbalozi wa upande huu na mbalozi wa upande ule, ambao hawana sababu ya kupendezana, wanasema kitu kimoja.

Hilo pia linahesabika. Twitter, ambayo leo inaitwa X, ilianza mwaka 2021 mpango wa watu kuongeza maelezo chini ya posti zenye kupotosha. Maelezo hayatokei juu ya kupata kura nyingi. Yanatokea kama watu ambao kwa kawaida hawakubaliani wamekubaliana kwamba yanasaidia. Ni kinyume cha maji yetu: hapa uzito unatoka kwa umbali. Kwa habari ya barabara, ningetaka simu yangu ifanye yote mawili. Maji yaondoe mashamba ya bongo, kisha kwa neno zito kama lile la "musipite", iniambie ni pande ngapi zimelishuhudia. Dereva wa kwetu mmoja na muuguzi wa kule mmoja wananitosha kuliko watu arobaini wa ukoo wangu waliopokea kutoka kwa mtu yule yule.

Kwa hiyo ukifungua akaunti ya namna hii, chanzo chako kinategemea mabomba unayoweka wewe mwenyewe siku ya kwanza. Ukifuata ukoo tu, utakunywa ukoo tu. Sisi wahitimu tuna bahati moja: tulikaa benchi moja na watoto wa kila sheferi, na leo kuna wa kwetu Bunia, Kisangani, Kampala, hata Ulaya. Mwalimu aliyehamishwa, muuguzi wa kituo cha mbali, mfanyabiashara wa kahawa anayevuka kila juma: watu hao ni nyuzi chache zilizobaki. Ukimfuata mmoja tu wa ng'ambo kwa moyo, umefungulia kijiji kizima bomba. Na kijana aliyepata simu yake ya kwanza mwaka huu, mwenye sifuri kwa kila mtu, anahitaji mmoja wetu amfuate mbele ya wengine kumsikia. Zamani tuliita kuandika barua ya mapendekezo.

Yabaki mambo mawili ya kazi, na yote mawili si madogo.

La kwanza, nani atapiga hesabu? Kuifanya vizuri, simu inapaswa kushusha orodha za maelfu ya watu, na kwa bei ya mega hapa kwetu hakuna atakayekubali. Watu wa Nostr wanajibu: chagua mtoa huduma, akuhesabie, akutumie alama tayari. Sawa. Aidan Southall, Mwingereza aliyeandika juu ya jamii ya Waalur mwaka 1956, anasimulia namna majirani wasiokuwa na shefu walivyokuja kuomba mtoto wa shefu wa Kialur akae kwao kuamua magomvi. Walikuja wenyewe, na nyuma ya vizazi wakajikuta chini ya utawala. Mimi ninaona mtoa alama ni mtoto wa shefu wa namna hiyo. Ni sawa kumwomba, mradi kila mtu aweze kumbadilisha jioni moja na kwenda kwa mwingine.

La pili ni usalama. Ili maji yatembee, mabomba yanapaswa kuonekana. Kwenye Nostr orodha ya watu unaowafuata kwa kawaida iko wazi, dunia nzima inaisoma. Ulaya pengine ni jambo la kuchekea. Hapa, mtu mwenye silaha akitaka kujua nani wa kijiji hiki anaongea na nani wa kijiji kile, orodha imeshaandikwa, na nyuzi za kati ya pande mbili, zile nilizosifu sasa hivi, njo zinaonekana haraka kuliko zote. Kuna njia ya kuficha: Nostr inakubali orodha zilizofungwa kwa ufunguo wako, ambazo wewe tu unazisoma. Ila bomba lililofichwa linakunywesha wewe peke yako. Rafiki yako hawezi kupata maji kupitia hapo, na yule mama wa ng'ambo anabaki na sifuri kwake. Mimi, mpaka leo, wale wa upande wa pili ninawaweka katika orodha ya siri, na neno lao likiwa zito ninaliandika tena kwa sahihi yangu mwenyewe.